Nikiona Chupa, Nasimamisha

Nyumbani kwetu nimepokonywa rimoti. Mtoto wa kakangu asema sinema ya saa mbili mimi naimaliza kwa tatu, na kweli, kila mtu akiingia bafuni au akikaa mbele ya kioo, nasimamisha nitazame rafu. Kile kikopo cha buluu ni Nivea? Yule ajidaiye tajiri, mbona ana Brut ya kijani ya kina baba zetu? "Shangazi, watu wanauana hapo, wewe watazama sabuni!" Atanivumilia. Rafu ya bafuni husema mambo ambayo mwigizaji hakupewa nafasi ya kuyasema.

Mara nyingi jina halionekani. Chupa hugeuzwa ikatazama ukuta, au hubandikwa utepe palepale penye maandishi, maana chapa ina mwenyewe na televisheni nazo zina sheria zake. Uingereza ilikuwa marufuku kwa vipindi vyao kulipwa ili vionyeshe bidhaa, hadi Februari 2011. Tangu hapo kinacholipwa lazima kiweke alama ya herufi P kwenye skrini. Waturuki ndio waliozidi. Kwenye tamthilia zao chapa hutiwa ukungu hata kwenye kitu kisicho na maana. Lakini huo ukungu wamficha nani? Chupa ya marashi hutengenezwa ijulikane hata gizani. Angel ya Mugler ni nyota. Ile ya Jean Paul Gaultier ni kiwiliwili cha mwanamke. L'Air du Temps ya Nina Ricci ina njiwa wa kioo juu ya kizibo, na futa jina upendavyo, njiwa wako palepale.

Hiyo L'Air du Temps, marashi ya tangu 1948, imo kwenye kipande nikipendacho kuliko vyote, na ajabu ni kwamba chupa yenyewe hatuioni. Ni katika The Silence of the Lambs ya 1991. Hannibal Lecter, mla watu aliyefungwa nyuma ya ukuta wa kioo, ainua pua na kuivuta hewa ipitayo kwenye matundu, kisha amwambia Clarice Starling, mwanafunzi wa upelelezi wa FBI aliyekuja kumhoji, kuwa apaka krimu ya Evian, na kwamba siku nyingine hujitia L'Air du Temps, ila leo hakujitia. Basi. Hajagusa hata kifungo cha koti lake na binti wa watu ashaanikwa. Twajua ana marashi ya maana, na leo kaja kazini hataki kunukia kitu. Mimi sidhani kuna kampuni ingetoa pesa isifiwe na mla watu, na ndiyo sababu naamini kila neno.

Mwaka uliofuata, kwenye Scent of a Woman, Al Pacino aliigiza mwanajeshi kipofu anayemtambua mwalimu mmoja kwa Fleurs de Rocaille ya Caron aliyojitia. Sisi watazamaji tuko kinyume chake: macho tunayo, pua hatuna. Kuna waliojaribu kutupa pua. Mwaka 1960 sinema iitwayo Scent of Mystery ilioneshwa huku harufu zikipitishwa kwa mabomba hadi kwenye viti, mtambo wakauita Smell-O-Vision. Haukudumu. Fikiria harufu ya kwanza haijatoka ukumbini, ya tatu ishaingia.

Kisichohitaji bomba ni mkono. Kwenye hizo tamthilia za Kituruki, mgeni akishakaa, mwenye nyumba hupita na chupa ya kolonya akimmiminia viganjani, naye hujipaka mikono mpaka usoni. Ni spiriti na harufu ya limau, kitu cha kawaida kabisa kwao. Eyüp Sabri Tuncer wanaitengeneza tangu 1923. Siku moja mamangu, aliyekuwa akichambua mchele bila habari na televisheni, aliinua kichwa. "Kha! Hawa nao wana mrashi?" Si mrashi, lakini alichokiona ni kilekile: maulidi au arusi, mtu apita kwa wageni akiwanyunyizia marashi ya mawaridi, na nyuma yake chetezo. Hapo jina la chupa lilikuwa limetiwa ukungu kama kawaida yao na hatukupungukiwa na kitu.

Nisichokipenda ni krimu inayoshikwa kwa vidole viwili ili jina lisizibwe. Hiyo si sinema tena. Afadhali Evolution, ya 2001, ambapo viumbe wa kutoka anga za mbali wauawa kwa shampuu ya Head & Shoulders na mwishoni waigizaji waitangaza waziwazi wakitutazama machoni. Angalau hapo wamecheka pamoja nasi.

Sasa najiuliza nani atampangia meza bi harusi wa Mji wa Kale, Mombasa, siku akitolewa filamu. Vitu vyetu havina lebo ya kugeuza. Halud, yale mafuta ya marashi, hupimwa kwa tola, kipimo kidogo cha uzito: muuzaji huyavuta kutoka chupa kubwa kwa sindano isiyo na ncha, ayatie kwenye kichupa kitupu cha kidole, akufungie kwa karatasi. Singo ya kujisugulia mwili imo bakulini, liwa, ule mti wa kunukia, yasagwa juu ya jiwe, vikuba vya maua vimefungwa kwa uzi. Katika yote hayo, chenye sura ya kutambulika dukani labda ni marashi ya Bint el Sudan, kwa picha ya yule msichana. Naogopa mtu wa vifaa ataleta chupa ya dhahabu ya Dubai kwa kuwa inang'aa, na mambo yatakuwa yameharibika.

Na moshi? Kwenye kamera moshi wa udi na wa ubani ni mmoja. Mamangu hakubali. Ubani, asema, huzungushwa nyumba nzima, chumba hadi chumba. Udi mtu huutulia, nguo hutandazwa juu ya tenga na nywele huinamishwa zipate moshi mpaka ndani. Kwake yeye vifaa si tatizo, tatizo ni mwigizaji: akiinamia chetezo kama aota moto, hata udi uwe wa maelfu ya shilingi, mtu wa Kibokoni, mtaa wa huko Mji wa Kale, ashajua kuwa huyo hajawahi kufukizwa.