Siku moja maishani mwangu: mhesabu madoa wa Kigoma

Saa 11 alfajiri niko mwaloni Kibirizi na ndoo yangu. Mitumbwi ya usiku inaingia, dagaa wanashushwa, na mimi nawapita wote natafuta ngege, yaani perege wa huku kwetu, watano, wakubwa kwa wadogo, ambao hawajapasuliwa. Ugomvi huanzia hapo. Mama zetu wa mwaloni wana kisu chepesi kuliko masikio: kabla hujapewa chenji, matumbo yako chini na paka ameshafika.

"Mama, acha! Usimpasue!"

"Kha! Utamla na mavi yake?"

"Hayo hayo ndiyo ninayoyafuata."

Wanacheka, wananiita Daktari wa Matumbo. Naitikia. Udaktari sina, mimi ni fundi wa maabara. Nakata bandama na figo za samaki vipande vyembamba, navitia rangi, nakaa kwenye hadubini nahesabu madoa ya kahawia. Basi. Shemeji yangu alipoelezwa aliuliza kama nalipwa kwa doa.

Saa 2 napima urefu na uzito, natoa vijiwe vya masikioni vya kusomea umri, napasua. Bandama ya ngege wa ukubwa wa kiganja ni kitu kidogo chekundu cha kiza, kama harage lililokandamizwa, kimejificha kando ya utumbo. Ukichelewa huanza kulainika na kuharibika, ndiyo maana naamka na wavuvi. Inaingia kwenye fomalini, dawa ya kuizuia isioze, na kulala humo. Samaki wa leo nitawaona kwenye hadubini wiki ijayo; leo ni zamu ya wale wa wiki iliyopita, ambao tayari wamo ndani ya nta.

Saa 4, mikrotomu, mashine ya kukatia vipande. Kila kipande ni mikromita 5, yaani upange 200 ndipo upate milimita moja. Vinatoka vimeshikana kama utepe, unaulaza juu ya maji ya uvuguvugu ujinyooshe, halafu unauvua kwa kioo. Feni huzimwa, madirisha hufungwa. Ukipiga chafya, anza upya.

Nilikuwa nimeukamata utepe mzuri kuliko yote ya wiki pale mlango ulipofunguliwa kwa nguvu. Upepo ukaingia, utepe ukajikunja kama karatasi ya pipi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye daktari wa samaki?"

Mzee ni mchuuzi, hupeleka samaki Tabora kwa treni. Mteja wake huko amekataa mzigo, kampigia simu kwamba samaki ni weusi tumboni, wana ugonjwa. Amekuja na mmoja kwenye mfuko wa rambo, na anachotaka kimoja tu: karatasi yenye muhuri, inayosema samaki wake ni wazima. Leo. Treni haimsubiri.

Nikafungua mfuko. Harufu ilinieleza habari nzima, lakini nikaangalia. Weusi wenyewe ulikuwa ni ule utando unaolala ndani ya tumbo la ngege, mweusi kama lami, ambao kila aliyewahi kuosha ngege jikoni ameukwangua. Ni rangi yake ya kuzaliwa nayo.

"Kwa hiyo hauna ugonjwa. Andika."

"Siandiki mzee, sina muhuri huo. Wenye muhuri ni ofisi ya uvuvi."

"Wao wameniambia kuna kijana hapa anahesabu madoa meusi."

Nikavuta kiti. Nilijua asubuhi imekwisha. Nikamwambia madoa yangu mimi hayaonekani kwa macho, hata mteja wa Tabora avae miwani miwili. Ni seli za kinga zinazokula takataka za mwilini: chembe nyekundu za damu zilizokufa, mafuta yaliyochakaa, wadudu wa maradhi. Zinavyokula ndivyo zinavyobaki na rangi tumboni. Melanini ni nyeusi, lipofusini ni ya njano iliyofifia, na hemosiderini ni chuma kilichotoka kwenye damu. Wataalamu huziita melanomakrofaji. Kwa samaki wengi wenye mifupa hukusanyika vishada vishada kwenye bandama na figo.

"Kama wafagiaji wa soko," akasema.

Kama wafagiaji wa soko. Hapo nilimpenda kidogo. Nikamwongezea kwamba samaki hapati mitoki kwa sababu tezi za mitoki hana, na wala mifupa yake haitengenezi damu, kazi hiyo hufanywa na figo la mbele. Mwaka 2010 watafiti walichunguza kambare wa Amerika Kaskazini wakakuta ndani ya vishada hivi kimeng'enya ambacho sisi hukitumia kwenye tezi kunolea kingamwili, silaha za mwili dhidi ya maradhi. Kwa hiyo huenda wafagiaji hawa wanaendesha na darasa...

"Mwanangu, treni."

Alikaa mpaka saa 6 na nusu. Aliuliza kama kuna bosi. Aliuliza kama naweza kumpigia mteja wake. Nikampigia, nikamweleza habari ya utando, akanijibu kwamba weusi anaujua tangu utotoni, tatizo ni kwamba nyama ilikuwa inabonyea. Nikamrudishia mzee simu. Nikamuuliza barafu ilikuwa kiasi gani. Akatazama dirishani, akasema jua la siku hizi ni kali sana.

Ugali na mgebuka niliula nimesimama.

Mchana ni kuhesabu. Slaidi 24, kila moja sehemu 10, kibonyezo mkononi, tik, tik. Kishada kinakaa kama tone la chai ya rangi katikati ya bandama yenye waridi na zambarau. Vishada vinaweza kueleza hali ya maji, ila idadi peke yake ina ujanja: maji machafu huongeza vishada, lakini njaa pia huongeza, maradhi pia, na samaki mzee anavyo vingi hata kama ameishi kwenye maji safi. Ndiyo sababu ya vile vijiwe vya masikioni, na ya kununua wakubwa kwa wadogo.

Slaidi ya 9 ilinishtua. Doa juu ya doa. Ya 10 vilevile. Moyo ukaanza kudunda, nikajiona nimegundua jambo ziwani. Kufika ya 13 nikaongeza ukuzaji, nikatulia: ile ilikuwa vumbi. Punje nyeusi zimesambaa juu ya damu, hazimo ndani ya seli yoyote. Doa la kweli lina nyumba. Vumbi lile huletwa na fomalini iliyogeuka asidi ikikutana na kiungo chenye damu nyingi, na aliyechanganya fomalini ile ni mimi, siku chumvi za fosfati za kuizuia isigeuke asidi zilipoisha nikasema haidhuru.

Ilidhuru. Vumbi huondoka kwa alkoholi yenye asidi ya pikriki, ila lazima nta iyeyushwe, vioo vilowekwe, rangi ianzwe upya. Slaidi 5, na hesabu zake nikazipiga mstari kwa kalamu nyekundu, sahihi yangu pembeni. Sijui ilikuwa saa ngapi. Umeme ulikatika mara moja, ukarudi. Mlinzi alichungulia mara mbili, ya pili akiwa na funguo mkononi.

Kazi ya mwisho ilikuwa ya kupima chuma: vioo viwili kwenye rangi ya Perls. Inachukua muda mfupi, na nimeifanya mara nyingi kiasi cha kutosha kuizoea, lakini sijaizoea. Kile kishada cha kahawia kinageuka buluu, buluu ya kitenge kipya, na unajua hiyo ni damu ya zamani ya samaki inasubiri kutumika tena. Niliitazama mpaka mlinzi akakohoa.

Narudi nanuka fomalini na vidole vina zambarau. Njiani nikasimama kwa mama mmoja mwenye meza na kibatari, nikachagua ngege wawili wa chakula cha usiku. Akachukua kisu.

"Acha! Usimpasue!"

Akaniangalia, akawafunga kwenye gazeti na matumbo yao. Nilishafika karibu na nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba hawa ni wa kula. Mke wangu alifungua gazeti, akafunga, akaniletea kisu na karai bila kusema neno.