Siku moja maishani mwangu: fundi wa Mwanza na toleo lililoachwa

Saa 12 asubuhi. Kabla ya chai huwa napitia tiketi za programu yetu, yaani maombi na malalamiko ya watumiaji. Ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha, ya stoo na madeni: mfanyabiashara anaingiza mzigo uliofika, uliotoka, na nani anadaiwa nini. Tunaitunza watu wachache tu, wengine wako Kisumu na Entebbe, na hakuna anayelipwa. Leo kuna ujumbe wa kampuni yenye matawi katika nchi kadhaa. Bado wako kwenye toleo la 2, wakati sisi tumeshafika la 4. Ripoti yao ya mwisho wa mwezi inagoma, na wanatutaka tutoe kiraka, yaani marekebisho madogo ya programu, kabla ya Ijumaa. Wamemalizia kwa kusema tukishindwa tutakuwa tumewatelekeza.

Toleo la 2 liliandikwa kwa Python 2, toleo la zamani la lugha ya kuandikia programu. Watengenezaji wa lugha hiyo walipanga kuacha kuihudumia mwaka 2015, wakaona watu hawajahama, wakasogeza tarehe hadi 1 Januari 2020. Miaka mitano ya nyongeza, bure. Ujumbe wa namna hii haujibiwi na mtu ambaye hajanywa chai, kwa hiyo nikauacha.

Saa 2. Daladala kutoka Buzuruga, imejaa.

Saa 3. Dukani, karibu na Makoroboi. Chaja, printa iliyomeza karatasi, laptopu iliyomwagikiwa soda. Kazi hii ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Programu huria naifanya usiku na wikiendi, na ninaipenda.

Saa 5. Nimeitwa Mwaloni, Kirumba, kwa mama mmoja anayeuza dagaa kwa jumla. Magunia yamepangwa hadi karibu na dari, kompyuta iko kwenye meza ndogo nyuma yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Njoo uone, tangu jana linaganda tu."

Kompyuta yake ina Windows 7, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. RAM ya GB 2. Na juu yake, toleo la 2 la programu yetu, lile lile la kampuni ya asubuhi. Nikamweleza kwamba hilo toleo halina tena mtu wa kulirekebisha, inabidi tuhame.

"Mwanangu, hii nimeshaizoea. Hiyo mpya ikinipotezea madeni ya watu wa Kongo, nitamdai nani?"

Hilo ni swali la haki kabisa. Anayehubiri kuapdeti bila kuwa na jibu la swali hilo hajawahi kukaa na mtu ambaye mtaji wake wote uko ndani ya faili moja. Watu wa huku hawang'ang'anii toleo la zamani kwa ukaidi. Bando ni hela, RAM ni hela, na siku moja ya kufunga biashara ili kujifunza kitu kipya ni hela pia.

Basi tukaanza na madeni. Nikanakili data yake kwenye flashi mbili, moja akaitia kwenye mkoba wake mwenyewe. Prosesa nikaikuta ni ya biti 64, heri yetu. Nikaongeza RAM ikawa GB 4, nikaondoa Windows nikaweka Debian 13, mfumo endeshi wa bure wa familia ya Linux, yenye mwonekano mwepesi wa Xfce, kutoka kwenye flashi niliyokuja nayo. Debian hiyo ilitoka Agosti 2025, na matoleo ya Debian hupata viraka vya usalama kwa takriban miaka mitano, kwa hiyo hatutarudia zoezi hili karibuni. Kisha nikaweka toleo la 4 la programu yetu, lililoandikwa kwa Python 3, na kuingiza data.

Hapa ndipo pa kuwa makini. Kwenye Python 2, ukigawa namba kamili 7 kwa 2 unapata 3. Kwenye Python 3 unapata 3.5. Mama huyu ana wateja wanaochukua nusu gunia! Ndiyo maana chombo chetu cha kuhamishia data huorodhesha kila mstari ambao jibu lake limebadilika, mwenye mali akague. Akafungua daftari lake, akapitia mstari kwa mstari kwa kidole, akanisahihishia na jina la mteja mmoja lililokuwa limeandikwa vibaya miaka yote. Jumla ilipolingana na daftari ndipo akaniruhusu nifute lile la zamani.

Saa 8 na nusu. Ugali na sato, haraka.

Saa 9 alasiri. Kijana wa chuo anayefanya field dukani kwetu alikuwa ameusoma ule ujumbe wa asubuhi. "Kaka, mbona yule mama umemsaidia na hao unataka kuwakatalia? Wote si wako toleo la 2?"

Nikamwambia: yule mama nimemhamisha, kazi imeisha. Hawa wanataka kubaki, na kiraka kimoja kitaleta kingine. Tukishika matoleo matatu, la 2, la 3 na la 4, kila hitilafu itabidi ijaribiwe mara tatu, kwenye Windows na kwenye Linux, na mjaribuji ni mtu aliyetoka kazini amechoka. Tena maktaba zote, yaani vipande vya msimbo vya watu wengine, ambazo toleo la 2 linazitegemea zimeachwa na wenyewe. Ni kupigilia msumari mpya kwenye ubao wa mtumbwi uliooza: msumari mzima, ubao haushiki.

Nikamkumbusha pia Log4j, maktaba huria ya kurekodi matukio ya programu, Desemba 2021. Tundu lile la usalama lililotikisa seva za dunia nzima lilitokana na kipengele kilichoingizwa mwaka 2013. Mmoja wa watunzaji wake alieleza baadaye kwamba hawakukipenda, walikiacha ili wasiwaharibie waliokwisha kukitumia. Wakati wanakesha kuliziba, bila malipo, walikuwa wanatukanwa. Kwangu mimi huo ni ushahidi kwamba kumbeba kila mtu na toleo lake la zamani kunaweza kuwaumiza wote, hata wale ambao hawakuomba kubebwa.

Saa 3 usiku. Sasa nikawajibu wale wa kampuni. Niliwaandikia kwa heshima kwamba leseni ya programu yetu, ya MIT, inasema wazi programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana. Kwamba njia ni tatu: wahamie toleo la 4 kwa maelekezo niliyoambatanisha, au wamwajiri mtu alirekebishe toleo la 2, maana msimbo uko wazi na leseni inawaruhusu, au wamlipe mmoja wetu kwa mkataba, kwa saa zinazohesabika. Kiraka cha bure kwa Ijumaa hakipo. Kampuni yenye wahasibu na mawakili ina uwezo wa kununua muda. Muda wangu wa usiku ni wa watu kama yule wa Mwaloni.

Saa 4 usiku. Kikao cha simu na wenzangu. Mimi naamini mjitoleaji naye ana deni lake: kutaja tarehe mapema, na kutofunga mlango kabla chombo cha kuhamia hakijawa tayari. Mwenzetu wa Kisumu alitaka tulifunge toleo la 3 mwisho wa mwezi huu. Nilikataa, tukabishana sana, tukakubaliana lipate viraka vya usalama tu kwa mwaka mmoja, vipengele vipya hakuna.

Tangazo linatoka Jumatatu, na tarehe ya mwisho itakaa juu kabisa ya ukurasa wa kupakulia. Kama uko toleo la 2 na data yako imekwama, niandikie. Nakili faili lako kwenye flashi kwanza, uwe na daftari lako karibu, tutahama pamoja bila malipo.