Upande wa Chini Haufungwi

Harufu ndiyo iliyonitoa nje. Nilikuwa nimelala chali ndani ya trela letu la kulalia, kichwa chini ya sinki, nahangaika na pampu ya maji, mara pua ikanasa siki. Siki kali, ya kuwasha macho. Sikuhitaji kuuliza. Nilitoka pekupeku nikamkuta binti yangu amepanda kigoda, bomba la silikoni mkononi, ncha ameshaikata, anaizungushia taa ya nyuma.

"Naziba, Mama. Maji yasiingie tena."

Nilisimama pale nikakosa la kusema. Maneno ni yaleyale. Ila mara ya kwanza nilipoyasikia aliyeyasema alikuwa mtu mzima, baba yangu, na yeye ndiye aliyekuwa akiniita mimi mama.

"Nimeshaiziba, mama. Hapo maji hayapiti tena."

Miaka tisa sasa. Baba alikuwa bado anatembea bila fimbo, na huyu anayeshika silikoni leo alikuwa wa miaka mitatu.

Taa ya wakati ule ni ile ya mlangoni: kitako cha bati, kioo cha plastiki cha rangi ya asali chenye mistari ya kushuka. Ipo pale tangu trela lilipotoka kiwandani mwaka 1968. Baba alilipenda trela zima, lakini taa ile aliipenda kivyake. Aliiwasha jua likiwa halijazama sawasawa, kisha anaweka kiti chake chini yake, miguu kainyoosha, na hapo humtoi. Tukimwambia anamaliza betri, anajibu kwamba balbu moja haimalizi betri. Kwa hesabu alikuwa na haki. Holda ile inachukua balbu namba 1141, ya volti 12, na balbu hiyo inavuta kama ampea moja na nusu tu. Betri nzima inaibeba usiku kucha na asubuhi bado ina nguvu.

Halafu ikaanza kufifia. Kwanza ilikuwa inawaka ukigonga ukuta. Baadaye ikawa inawaka tu kama mvua haijanyesha siku tatu nne. Ndipo Baba alipopanda ngazi na bomba lake la silikoni, ile ya kuzibia bafu, akazunguka kitako chote kwa utulivu wake wa kawaida. Kwa muda taa ikatulia. Kisha ikazima moja kwa moja.

Nikabadilisha balbu. Nikabadilisha fyuzi ambayo haikuwa na kosa lolote. Nikafungua swichi ya ndani nikaisugua mpaka ikang'aa. Nilienda hivyo karibu miezi miwili, kila Jumamosi na jaribio lake, na kila Jumamosi Baba amesimama nyuma yangu ameshika tochi.

Kilichonipoteza ni mita. Nikitoa balbu na kupima ndani ya holda, ncha moja kwenye kidoti cha katikati na nyingine kwenye ukingo, nasoma volti 12.4. Umeme upo. Narudisha balbu, giza. Naitoa tena, 12.4. Nilikuwa sijaelewa kwamba mita inahitaji mkondo mdogo mno, hata njia iliyooza kabisa, iliyobaki na uwezo wa unywele, inatosha kuionyesha volti zote. Balbu ndiyo inayodai kazi. Tangu siku hiyo sipimi njia ya umeme ikiwa haina mzigo, na yeyote anayeniandikia kuhusu taa isiyowaka huwa namuuliza hilo kwanza: ulipima balbu ikiwa ndani?

Jumamosi ile niliiacha balbu kwenye holda, swichi imewashwa. Nikavuta waya mrefu kutoka upande hasi wa betri mpaka mlangoni, nikaufunga kwenye ncha moja ya mita, na ncha ya pili nikaigusisha kwenye kitako cha taa. Hapo palitakiwa kusoma sifuri, au chembe ya volti. Pakasoma 11.9. Yaani umeme ulikuwa unafika kwenye balbu, unapita ndani yake, halafu unakosa pa kurudia. Nikaweka mita chini, nikaugusisha ule waya wenyewe kwenye kitako.

Ikawaka.

Baba akazima tochi. Tukabaki hivyohivyo, mimi nimebana waya kwa kidole gumba, yeye uso umepakwa ile rangi ya asali, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusogea.

"Kumbe ilikuwa nzima," akasema.

"Taa ni nzima, Baba. Ethi ndiyo imekufa."

Fundi wa magari angeniambia hilo siku ya kwanza. Ethi ni njia ya umeme kurudi kwenye betri, na kwenye trela letu taa ile haina waya wa kurudi. Umeme unarudi kupitia skrubu zake nne, unaingia kwenye bati la alumini la ukutani, unatembea humo mpaka kwenye chasisi, na chasisi inaurudisha kwenye betri. Ukuta wenyewe ndio waya. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa nyuma ya kitako, na kitako kilikuwa kimezibwa pande zote nne.

Nilichomoa betri, nikachukua kisu chembamba, nikapanda.

Silikoni ya Baba ilikuwa nyeupe, nene, imelainishwa vizuri. Hakuwa mtu wa kulipua kazi. Kwenye kona ya chini kulia, pale alipoanzia na akamalizia, aliibonyeza kwa kidole gumba ili miisho miwili ishikane, na kidole kikabaki. Mistari yote ilionekana. Na katikati ya mistari kulikuwa na kovu la mshazari, lile la msumeno, ambalo nimelijua tangu nikiwa mdogo wa kushikwa mkono njiani. Nililitazama muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kisha nikakata juu. Nikakata kushoto, nikakata kulia, kisu kinapita taratibu, silikoni inatoka kama utepe. Kona ile niliikata kando, nikaitia mfukoni.

Ukabaki upande wa chini.

Kisu kilipozama tu, maji yakaja. Hayakuja kwa matone. Yalitoka kama mtu amefungua kibomba, ya kahawia, yana joto la jua lililopiga ukuta mchana kutwa, yakafuata bapa la kisu, yakaingia kiganjani, yakashuka kwenye mkono wangu mpaka ndani ya kiwiko cha shati. Yaliendelea kutoka. Nayasikia hadi leo yakipiga ngazi ya chuma chini ya miguu yangu. Na harufu yake: mbao iliyolala majini, harufu ya chini ya gogo unapoligeuza.

Kitako kikaachia. Skrubu mbili zilikuja kwa bisibisi. Ya tatu ilikatika kichwa. Ya nne niliivuta kwa vidole tu, haikuwa imeshika chochote. Nyuma yake kulikuwa na unga mweupe, mwingi, umejaa kwenye matundu na kuenea kwenye bati kama chokaa. Ndiyo alumini hiyo, ikishaliwa. Ukiweka skrubu ya chuma kwenye alumini, na pakawa na unyevu usiokauka, metali mbili zile zinakuwa kama betri ndogo na alumini ndiyo inayotafunwa. Unga unaobaki haupitishi umeme. Nikagusa mbao iliyo nyuma ya bati kwa bisibisi, kwa kugusa tu, na bisibisi ikazama mpaka karibu na mpini.

Nilielewa yote kwa pamoja nikiwa juu ya ngazi. Silikoni haikushika vizuri juu, kwa sababu rangi ya zamani ya ukuta inatoa unga na hakuna gundi inayopenda unga. Maji ya mvua yalikuwa yanapenya hapo kidogokidogo, njia ambayo jicho halioni. Zamani yaliingia na yakatoka kwa chini, yakakauka. Baba alipoziba chini, yakawa yanaingia na kukaa. Na ile harufu ya siki inayotoka silikoni ya aina hiyo ikikauka ni asidi, asidi ileile ya siki, isiyopatana na shaba wala zinki wala chuma kitupu. Taa ilikuwa mgonjwa kabla hajaigusa, hilo ni kweli. Lakini kilichoimaliza, na kilichoila mbao, ni zile saa mbili za mapenzi alizozitumia juu ya ngazi.

Tochi ilikuwa imenyooka nyuma ya bega langu. Mwanga hautikisiki.

"Umeona nini, mama?"

Mwili wangu ulikuwa kati yake na ukuta. Maji bado yanadondoka.

"Kutu tu, Baba. Ya umri."

"Na nilivyoziba?"

"Uliziba vizuri."

Akanyamaza. Halafu mwanga ukahama. Ulitoka kwenye ukingo wa chini, ukapanda juu, ukasimama mahali pasipo na kitu, kwenye bati safi.

"Funika kwa leo," akasema. "Giza limeingia."

Nimeufikiria mwanga ule mara nyingi. Huenda mkono ulichoka. Alikuwa amesimama zaidi ya saa nzima. Au alikuwa ameona maji, ameona mbao, akajua, na akanipa nafasi ya kuuacha uongo wangu ulivyo. Sikumuuliza, na yeye hakulirudia tena neno hilo.

Matengenezo yenyewe nitayapitia haraka. Nilikata mbao iliyooza, kipande cha ukubwa wa kiganja, nikaingiza mpya. Alumini niliisugua kwa msasa mpaka ikang'aa, nikapaka grisi kidogo ili hewa isiirudie. Skrubu nikaweka za chuma kisichoshika kutu. Na sikuuamini tena ukuta: nilivuta waya halisi wa ethi kutoka kitako mpaka chasisi, wenye kishikizo mwishoni kilichobanwa sawasawa. Mwisho nilipima tena balbu ikiwaka, kati ya kitako na upande hasi wa betri, nikasoma 0.05. Nyuma ya kitako nikalaza tepu ya butili, ile nyeusi inayonata na isiyokauka, ambayo siku ukitaka kufungua tena inakuachia bila ugomvi. Juu na pembeni nikaziba. Chini nikaacha wazi.

Kioo nilikiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, basi. Watu wanasafisha plastiki za zamani kwa spiriti au petroli, zinapasuka nyufa ndogondogo kama utando wa buibui, na kioo cha namna ile hukipati tena.

Niliambiwa sana ninunue taa mpya ya LED nimalize shida. Leo balbu iliyomo ni LED, ya mwanga wa manjano, inaingia kwenye holda ileile na inavuta sehemu ndogo tu ya umeme. Ila angalieni, baadhi yake haziwaki ukigeuza chanya na hasi. Taa nzima kuibadilisha, hapana. Baba alikaa chini yake misimu miwili tena. Aliiwasha mapema vilevile. Kila mgeni aliyeketi naye aliambiwa kwamba binti yake aliitengeneza, na kwamba ilikuwa kutu ya umri. Alilisema hivyohivyo, kwa maneno yangu, na mimi nikiwa karibu niliinuka nikatafuta kazi ndani.

Kile kipande cha kona kimo kwenye kopo la fyuzi, droo ya kushoto. Silikoni haiozi. Mistari ipo, kovu lipo.

Basi juzi nilimwomba binti yangu ashuke kwenye kigoda kwanza. Silikoni ilikuwa bado mbichi, inafutika. Nikamletea tepu ya butili, nikamwonyesha inavyolazwa nyuma ya kitako, nikamwambia azibe juu na pembeni tu.

"Na chini?"

"Chini acha."

"Si ndiko maji yatakakoingilia?"

"Maji yatapata pa kuingilia siku moja, hata uzibe vipi. Chini ndiko yatakakotokea."

Alilitafakari hilo, uso ameukunja, akipima kwa jicho ule mwanya mdogo chini ya kitako. Ana tabia hiyo, hakubali kitu mpaka akione kichwani mwake kinavyotembea.

"Nani alikufundisha?"

Kitambaa kilikuwa mkononi mwangu, kimejaa silikoni, harufu imetanda kati yetu.

"Babu yako," nikasema, nikampa kitambaa afute upande wa chini.