Jumamosi yangu ndani ya susafoni

Saa 10:40 alfajiri simu inalia. Mwenzangu wa chumba anajifunika blanketi gubigubi. Kwake Jumamosi ni ya kulala. Kwangu ni siku ya mechi ya mpira wa Kimarekani. Nasoma uhandisi wa ujenzi huku Midwest, Marekani, na kwenye bendi ya gwaride ya chuo napiga susafoni, ile tuba inayomzunguka mtu kama chatu, mdomo ukichungulia juu ya kichwa. Ina kama kilo 15. Watu huniuliza kama tunalipwa. Hapana, hatulipwi. Na wengi wetu hata hatusomei muziki.

Saa 12 tuko uwanja wa mazoezi, viatu vimelowa umande. Hatua 8 kwa kila yadi 5, yaani sentimita 57 kila hatua. Ukikosea moja, mstari unapinda na aliyekaa jukwaa la juu anakuona. Kule Moshi, kwenye kikundi cha tarumbeta cha usharika, tuliwatangulia maharusi tukitembea tunavyojisikia. Hakuna aliyewahi kunipima mguu.

Saa 2 chai na kuvaa sare. Koti zito, shingo imebana. Wakongwe wanawafunga vishikizo wa mwaka wa kwanza huku wakiwatania. Saa 4 tunaandamana kwenda uwanjani katikati ya moshi wa nyama choma, maana watu huku huchoma nyuma ya magari yao tangu asubuhi.

Saa 6 mchana mpira unaanza. Watu hudhani tumepewa kiti cha bure. Mimi nikiulizwa nani kafunga, sijui! Macho yangu yako kwa kiongozi: vidole vikipanda ni wimbo gani, mkono ukishuka tunyamaze, kwa sababu mpira huu husimama kila mara, na ukianza tena tu haturuhusiwi kupiga. Nyuma yangu kuna mlevi aliyegeuza mdomo wa susafoni kuwa kikapu. Anarusha bisi. Zikiingia, anashangilia kuliko goli.

Zikiwa zimebaki dakika 4 kabla ya mapumziko, radi.

Utaratibu ni kungoja dakika 30 tangu mwako wa mwisho. Ukitokea mwingine, hesabu inaanza upya. Tukasukumwa wote kwenye njia ya chini ya jukwaa, watu zaidi ya 200 na vyombo vya shaba, sare zinanuka kondoo aliyelowa. Dakika ya 12, mwako. Dakika ya 27, mwako! Jamaa wa koti la njano akatuhamisha kushoto, kisha kulia, kisha palepale tulipokuwa. Susafoni huwezi kuilaza chini penye maji, na bega langu lilishakufa ganzi. Mpiga baritoni, ambaye dada yake yuko bendi ya chuo cha Weusi kule Kusini, akaanza kutuchoma: kwao bendi ndiyo mechi, mpira ukiisha watu hawaondoki, mechi ina robo nne, ila wao wanangoja robo ya tano, bendi kushindana na bendi. Mkongwe wetu akamjibu kwa bendi ya chuo kikuu cha Ohio State, wanaoandika jina la jimbo lao kwa miili tangu 1936, na nukta ya herufi i huwekwa na mpiga susafoni. Hapo sisi wa susafoni tukapiga kelele kana kwamba nukta ni yetu.

Kisha tangazo: mapumziko yamefupishwa, onyesho la bendi limefutwa. Wiki nzima ya kupimwa miguu kwa dakika saba, na hizo saba zimekwenda na mvua. Binti wa filimbi, mwaka wa kwanza, alilia bila kujificha. Mkongwe akamfungulia kola, basi.

Kipindi cha pili sikikumbuki vizuri. Tulipiga, tukanyamaza, tukapiga. Tulifungwa. Majukwaa yakabaki na wafagiaji, wazazi wachache na wazee waliowahi kupiga humu zamani, kofia zao zikichuruzika. Mpiga baritoni akasema, "Robo ya tano." Kiongozi akatutazama, akapanda kingo ya ukuta, akainua mikono. Tukapiga onyesho zima tumesimama palepale. Mfagiaji mmoja akaegemea fagio lake hadi noti ya mwisho.

Usiku chumbani kwa vyombo naiinamisha susafoni: maji, bisi, maji tena, kipande cha soseji. Simu ina ujumbe wa sauti wa Mama. "Mwanangu, mimi na shangazi yako tumekodolea simu hadi saa 4 usiku, tumeona mvua na matangazo ya biashara tu. Ulikuwa wapi?"