Mshipi kwanza, fimbo baadaye: nilivyopata vifaa vya kuvulia trauti Mufindi

Bwawa ninalovua liko katikati ya chai, Mufindi, chini kidogo ya kiwanda ninachofanyia kazi. Asubuhi za Julai ukungu hulala juu ya maji mpaka saa tatu, na baridi yake hata mwenyeji inampata. Baridi hiyo hiyo ndiyo inayowaweka trauti hapa. Asili ya samaki huyu ni mito ya Amerika ya Kaskazini inayoingia Pasifiki. Huku kwetu aliletwa enzi za wakoloni, na maji yakizidi nyuzi joto 20 anaanza kutaabika.

Nimekua nikivua perege na kambale kwa mwanzi, nailoni na mnyoo, kama mtoto yeyote wa huku. Trauti nilitaka kumvua kwa nzi wa bandia, yaani ndoano ndogo iliyovishwa manyoya na uzi mpaka ifanane na mdudu. Kitu hicho hakina uzito. Ukikirusha kama unavyorusha chambo chenye chubwi, hakifiki hata hatua mbili. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, mnene na mzito, na nzi anafuata nyuma kama abiria. Neno hilo moja lilinichukua karibu mwaka kulielewa, na ndilo lililonifanya nikae chini niandike.

Nilianza kwa kununua fimbo. Nilikuwa Dar es Salaam kwa shughuli zangu, nikaiona kwenye mitumba: vipande viwili, mpini wa kizibo, imeandikwa namba 8 juu ya mpini. Pamoja nayo kulikuwa na gurudumu lenye mshipi wa rangi ya machungwa. Muuzaji akaniambia ni seti moja. Nikalipa, nikapanda basi la Mafinga nimeikumbatia njia nzima.

Bwawani mshipi haukwenda. Niliinua, nikarusha, ukaanguka miguuni kama kamba ya kufungia mbuzi. Nikaongeza nguvu, ukaanguka vibaya zaidi. Nilihangaika hivyo wikiendi nyingi, mkono ukauma mpaka begani.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mstaafu wa shamba, ambaye ujanani alikuwa akiwabebea wageni vifaa vyao vya uvuvi. Alipita na jembe lake begani, akasimama kunitazama.

“Kamwene, baba,” nikamsalimu.

“Kamwene. Mwanangu, hiyo fimbo haijapinda hata mara moja tangu nisimame hapa. Haijui kama imebeba mshipi.”

Akaniuliza mshipi wangu ni namba ngapi. Sikujua kama mshipi una namba.

Namba zipo, na ni za uzito. Unapimwa mshipi wa futi 30 za mbele, sawa na mita 9.1, bila kuhesabu kile kipande chembamba cha mwanzoni. Zikifika takriban gramu 9.1, huo ni mshipi namba 5. Gramu 10.4 ni namba 6, gramu 13.6 ni namba 8. Fimbo nayo inaandikwa namba ya mshipi unaotosha kuipinda, maana fimbo hurusha kwa kupinda na kujinyoosha kama upinde. Nyepesi mno haipindi, nzito mno inalemea.

Kesho yake nikaomba ruhusa kiwandani kutumia mizani ndogo tunayopimia sampuli za chai. Nikapima mita 9.1 kwa futi kamba, nikauzungusha mshipi polepole juu ya sahani. Gramu 9. Nilikuwa nimefunga mshipi wa namba 5 kwenye fimbo ya namba 8. Na nilipousogeza kwenye mwanga nikaona nyufa nyembamba zimeuzunguka kama pete, kila baada ya sentimita moja au mbili. Mshipi wenye nyufa unakunywa maji na kuzama. Haukuwa na matibabu.

Safari ya pili nikaanza na mshipi. Shemeji yangu anayesafiri sana alikuwa anapita Nairobi, nikamwandikia kwenye karatasi: WF5F. Herufi mbili za kwanza zinasema uzito umewekwa mbele, jambo linalomsaidia anayejifunza kurusha mita nane au kumi bila kutaabika. Namba 5 inatosha trauti wa mabwawani, na bado unaweza kuwekea nzi wakubwa kidogo. F ya mwisho ni ya kuelea. Wa kuzama ni S. Ipo pia aina ya DT, nyembamba ncha zote mbili, ambayo upande mmoja ukichakaa unaigeuza unaanza upya. Kwa mtu anayevua karibu na asiye na fedha nyingi, DT ni chaguo zuri sana, na ningeipata wakati ule ningeichukua.

Fedha yangu kubwa niliiweka hapo, na sijutii. Fimbo nikanunua ya kawaida, namba 5, futi 9. Gurudumu nikachukua la bei ndogo kabisa, kwa sababu kwa samaki wa ukubwa huu kazi yake ni kutunza mshipi tu.

Siku ya kwanza na vifaa vipya fimbo ilipinda, nikaisikia mpaka kiganjani. Mzee akanifundisha mwendo wa mkono kwa uso wa saa: inua mpaka saa nane nyuma yako, tulia mshipi unyooke, kisha peleka mbele usimame saa nne. Ule utulivu wa nyuma ndio mgumu. Mkono unataka kukimbia.

Lakini nzi bado alikuwa anaangukia juu ya mshipi. Hapo ndipo nilipokutana na uzi wa mbele, ule unaoitwa lida, na huo nakiri nilikuwa nimeudharau. Nilikuwa nimefunga mita tatu za nailoni moja ya milimita 0.35 nikaona imetosha. Nguvu inayotoka kwenye mshipi mnene ikikutana ghafla na uzi mwembamba inakatika papo hapo. Uzi wa mbele unatakiwa upungue unene kidogo kidogo, ili nguvu ishuke mpaka kwa nzi, naye atue kwa upole.

Wa dukani wenye mpunguo huo huku ni adimu, kwa hiyo nikafunga wangu. Iringa mjini nilipata nailoni za unene mbalimbali, kipimo kimeandikwa kwenye kigurudumu. Nikakata sentimita 100 za milimita 0.50, 60 za 0.40, 30 za 0.30, 30 za 0.25 na 50 za 0.18. Jumla mita 2.7, karibu sawa na urefu wa fimbo. Vipande hukatwa virefu kidogo, kwa sababu mafundo yanakula.

Fundo lenyewe ni rahisi. Unalaza ncha mbili sambamba, unafanya duara, unapitisha ncha zote mbili humo mara mbili. Kabla ya kukaza, weka fundo mdomoni ulilowanishe. Nailoni ikikazwa kavu inajisugua, inapata joto, na kudhoofika palepale kwenye fundo; ukiitazama kwa makini unaiona imejikunja kama nywele iliyoungua. Kaza polepole, kisha vuta kwa mikono yote miwili. Likikatika, afadhali likatike ukiwa umekaa barazani.

Unene wa kipande cha mwisho unafuata ukubwa wa nzi. Hesabu niliyofundishwa ni kugawa namba ya ndoano kwa 3: ndoano namba 12 inataka uzi wa 4X, na 4X ni karibu milimita 0.18. Kumbuka namba ya ndoano ikikua, ndoano inakuwa ndogo.

Mshipi nao ni wa kutunzwa. Nauosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, siuachi juani, na mikono yenye dawa ya kufukuzia mbu haiugusi, kwa sababu dawa zenye DEET zinayeyusha plastiki.

Jumamosi moja ya Agosti, ukungu ukianza kuachia, nzi wangu wa kahawia alitua kama mita tisa kutoka ukingoni bila kupasua maji. Nikahesabu mpaka tatu. Maji yakavimba pale alipokuwa, mshipi ukanyooka, fimbo ikainama mpaka mpini. Nilimvuta taratibu, nikimwachia kila alipokimbia, mpaka akalala ubavu kwenye nyasi: sentimita 31, ule mstari wa waridi ubavuni ukiwaka kwenye mwanga wa asubuhi.

Mzee akamwangalia samaki, kisha akashika uzi wangu, akaupitisha taratibu kati ya kidole na kucha.

“Umekwaruzika hapa. Meno.”

Nikakata sentimita kumi za mwisho, nikalowanisha mdomoni, nikafunga upya.