Moshi wa nyaya ndio uliokuwa ukila redio zangu

Kibanda changu cha ufundi kiko Chake Chake. Redio nilizokwisha kuzitengeneza zikawa zinarudi, miguu ya vipuri imeota kutu ya kijani. Nikailaumu chumvi ya bahari, kama kila fundi wa Pemba anavyofanya. Lakini zilizokaa kabatini zilikuwa salama; zilizoharibika ni za dirishani, na nyuma ya dirisha hilo jirani yangu huchoma nyaya apate shaba.

Ganda la waya mara nyingi huwa la PVC, plastiki ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini. Ikiungua hutoa haidrojeni kloridi, na gesi hiyo ikikutana na unyevu wetu huu, ni asidi kamili.

Nilipata kwa mwalimu wa skuli karatasi za litimasi ya buluu, ambazo hugeuka nyekundu zikigusa asidi. Nikailowesha moja kwa maji ya bahari: haikubadilika. Nyingine nikaifunga kijitini juu ya moshi, mimi nimesimama upande upepo unakotoka. Ikawa nyekundu papo hapo. Maabara zinazopima nyaya zisizo na klorini hufanya kwa namna hiyo hiyo: gramu moja ya ganda huchomwa kwa nyuzi 935 za Selsiasi au zaidi, gesi ikapitishwa majini, na pH ya maji hayo, kipimo ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi, isishuke chini ya 4.3.

Nikampelekea jirani ile karatasi. "Ami, hii ndiyo tunayoivuta." Siku hizi anamenya nyaya kwa kisu. Anasema inachosha, ila shaba inatoka safi.

Saketi nilizisugua kwa mswaki na maji yaliyotoneshwa, yaani yasiyo na chumvi, kisha spiriti ili zikauke. Mbili hazikupona.