Ngozi yake iko wapi?

Wiki iliyopita usiku nilikuwa namsimulia binti yangu stori ya selkie, akanikatiza pale ambapo mi mwenyewe nimepapita miaka yote bila kusimama. Selkie kwa asiyewajua ni viumbe wa visiwa vya Orkney na Shetland kaskazini kabisa ya Scotland, na Ireland pia wanasimuliwa, yaani wakiwa baharini ni sili tu, wale wanyama wa baharini wa nchi za baridi, wakipanda ufukweni wanavua ngozi wanakuwa watu. Sasa mwanaume mmoja anawaona wamevua wanacheza kwenye miamba, anaiba ngozi ya mwanamke mmoja anaificha, wenzake wanakimbilia majini na yule mmoja anabaki analia hana pa kwenda, anaolewa. Wanazaa. Anafanya kazi zote za nyumbani vizuri tu ila akipata nafasi anasimama anaiangalia bahari. Miaka inapita mpaka siku moja mtoto anamwambia mama, nimeona kitu laini baba amekificha kule juu darini. Basi. Anawabusu watoto, anavaa ngozi yake, anaondoka.

Binti yangu akauliza, "Kwani baba hakuweza kumuomba tu akae?"

Sikuwa na jibu. Maana siku zote stori za watu wanaogeuka wanyama nimezisoma nikitafuta kucha na meno, nani kang'atwa, nani kaliwa, na mambo ya mwezi mpevu na risasi ya fedha ambayo kwa kiasi kikubwa yamekuzwa na filamu za karne ya 20. Baada ya lile swali nikaanza kuzipitia upya naangalia kitu kimoja tu, ngozi iko wapi na nani anaishika, na kumbe stori nyingi sana zimesimama hapo.

Chukua Bisclavret, stori ya kishairi ya Kifaransa ya karne ya 12, inatokea Brittany, magharibi ya Ufaransa. Huyu ni bwana mkubwa, rafiki wa mfalme, mume mzuri, ila kila wiki anapotea siku 3 na mke hajui anaenda wapi. Mke anambembeleza mpaka anasema, nageuka mbwa mwitu naishi msituni, nguo zangu naficha kwenye jiwe lenye shimo karibu na kikanisa cha zamani, nikizikosa nabaki hivo hivo. Hapo amempa siri na ufunguo wake kwa pamoja. Mke anaogopa, anamtuma mwanaume aliyekuwa anamtaka siku nyingi akazichukue zile nguo, halafu anaolewa nae. Mwaka unapita, mfalme yuko kwenye mawindo, mbwa wake wamemzingira mbwa mwitu mmoja, na yule mnyama anamfuata mfalme moja kwa moja anashika kikuku cha tandiko anambusu mguu. Mfalme anaondoka nae, anakaa ikulu, analala katikati ya mashujaa na hamgusi mtu, mpaka siku anapomwona yule mwanaume aliyemwoa mke wake, anamrukia, na baadae akimwona mke mwenyewe anamng'oa pua. Mke anabanwa kwa mateso anasema yote, nguo zinaletwa zinawekwa mbele ya mbwa mwitu na yeye wala hazitazami. Watu wanadhani wamekosea. Mzee mmoja mwenye busara ndo anasema huyu anaona aibu kuvaa mbele yenu, mwacheni na nguo zake chumbani. Wakafunga mlango, na waliporudi wakakuta mtu amelala fofofo kwenye kitanda cha mfalme.

Hapo kwenye aibu mi huwa naishiwa nguvu. Mnyama haoni aibu ya kuvaa mbele za watu, kwa hiyo mtu alikuwemo humo ndani muda wote akisubiri mlango ufungwe.

Japani kuna stori karibu na hii, ya mvuvi wa Miho aliyekuta vazi la manyoya limetundikwa kwenye msonobari, mwenyewe ni mwanamke wa mbinguni na bila vazi hawezi kuruka. Sijui kama tumwite nusu ndege lakini ni ndugu wa karibu kabisa na wale mabinti wanaogeuka bata maji wanaosimuliwa Ulaya. Kwenye tamthilia ya Noh, maigizo ya jadi ya Japani, mvuvi anamwambia nitakurudishia ukinichezea ngoma yako, mwanamke anasema siwezi kucheza bila vazi, mvuvi anasema nikikupa si utaruka uondoke? Anajibiwa kwamba mashaka ni ya wanadamu, mbinguni hakuna udanganyifu. Mvuvi anaona haya, anampa vazi, na mwanamke anacheza kweli halafu ndo anapaa. Kwa hiyo binti yangu yuko sahihi, kuomba kunawezekana.

Mara nyingine kinachofichwa ni alama. Kule Amazon nchini Brazil kuna boto, pomboo wa mtoni mwenye rangi ya pinki, wanasema kwenye sherehe za mwezi wa Juni anatoka majini akiwa kijana mtanashati wa suti nyeupe na kofia, na kofia haivui manake utosini tundu lake la kupumulia bado lipo. Anacheza na binti, wanaondoka wote, kabla hakujakucha amerudi mtoni. Mtoto asiyejulikana baba yake anaitwa mtoto wa boto. Naelewa kwamba stori kama hii inaweza kumpunguzia msichana aibu mbele ya watu, lakini kuna mwanaume wa kweli mahali fulani ambae nae imemfunika, na hilo linanikera kila nikiifikiria. Sumatra nako wapo watu chui milia, hao wanajulikana kwa kukosa kile kijimfereji kati ya pua na mdomo wa juu.

Ila kuna kesi moja ambayo ngozi haikuonekana kabisa na watu wakafa. Mwaka 1589 huko Bedburg karibu na Cologne, Ujerumani, mkulima anaitwa Peter Stumpp alishtakiwa kuua watu akiwa mbwa mwitu. Alipotishiwa mateso akakiri kwamba shetani alimpa mshipi, akiuvaa anageuka, akiuvua anarudi mtu. Mshipi ukatafutwa pale aliposema ameuacha, hawakuona kitu. Wakamuua hivo hivo kwa ukatili ambao sitaki kuuandika hapa, na binti yake wakamchoma moto pamoja nae. Ethiopia vilevile wahunzi wamebeba mzigo huu vizazi na vizazi, wanaitwa buda, eti usiku wanageuka fisi, wakati ndo hao hao wanaowatengenezea watu majembe. Hapa hakuna stori tamu tena, hapa ni jirani anaamua kwamba jirani yake ana ngozi nyingine ambayo hakuna aliyewahi kuiona.

Usiku uliofuata nikamsimulia binti yangu ya Kuzunoha, manake ile ya selkie niliona nimemwachia jeraha. Kuzunoha ni mbweha wa Japani, Abe no Yasuna alimwokoa mikononi mwa wawindaji, akaja kwake kwa sura ya mwanamke wakaoana wakapata mtoto wa kiume. Hakuna aliyemfichia kitu. Siku moja amezubaa anaangalia maua, mkia ukatokeza na mtoto akauona, na yeye akajua muda wake umekwisha. Wakiicheza jukwaani anamwandikia mume shairi la kuaga kwenye mlango wa karatasi huku amembeba mtoto, na inafika mahali anashika brashi kwa mdomo. Shairi linasema ukinikumbuka njoo unitafute kwenye msitu wa Shinoda kule Izumi.

"Wakaenda?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo, baba alimbeba mtoto wakaenda mpaka msituni, na mama akatoka kuwaona.